Dhamana Iifuate Bunduki, Isiifuate Risiti

Dada aliyepokea simu alikuwa na adabu zake. Aliniomba namba iliyochongwa ubavuni mwa bastola, nikamsomea tarakimu mojamoja nimesimama dirishani, magazini nimeichomoa na chemba nimeshaikagua mara mbili. Nikasikia anabofya kompyuta. Kisha akauliza: "Wewe ndiye uliyeinunua mara ya kwanza?" Nikamjibu hapana, niliinunua ikiwa imetumika, duka lenye leseni, karatasi zote ninazo. Akanyamaza kidogo. "Samahani sana, bwana. Dhamana yetu ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake."

Kilichovunjika kilikuwa kidude kidogo kuliko ukucha: ile ndoana inayolishika ganda la risasi na kulivuta nje baada ya mlio. Ilikatika nikiwa uwanja wa shabaha. Ganda likabaki ndani, risasi iliyofuata ikaja kulikumba kwa nyuma, bastola ikakwama nusu wazi. Niliuelekeza mtutu kwenye tuta la mchanga, nikanyanyua mkono wa kushoto, msimamizi akaja tukaifungua pamoja. Hakuna aliyeumia. Matengenezo nililipa mwenyewe, gharama za kuisafirisha kwenda na kurudi nazo nikalipa, na wala sikufilisika. Kilichonikereketa ni kitu kingine. Chuma ni kilekile, kimetoka kiwanda kilekile, na kama kilikosewa kutiwa moto, kilikosewa siku ileile. Iweje ubovu wake uwe deni la kiwanda kikiwa mkononi mwa mtu wa kwanza, na uwe deni langu kikifika kwangu?

Naishi Texas, mwaka wa kumi na moja sasa. Nawajua Waswahili wenzangu wengi huku wanaomiliki silaha kihalali: madereva wa malori, walinzi, wenye maduka yanayofungwa usiku wa manane, na wachache kama mimi waliozoea kuwinda. Tukikaa tunazungumzia bei, tunazungumzia chapa, tunabishana ipi inalenga vizuri. Ile karatasi iliyokunjwa chini ya boksi hakuna anayeigusa. Sisi tuliokulia mbele ya kaunta zilizobandikwa "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", tukikutana na maneno "dhamana ya maisha" tunaona tumeshapata, hatuulizi zaidi. Nami nasema tuulize: maisha ya nani? Ya bunduki, ya aliyeinunua, au ya kampuni?

Chukua kampuni tatu ambazo karibu kila duka la silaha la Marekani linaziuza. Glock inatoa dhamana ya mwaka mmoja. Smith & Wesson inatoa mwaka mmoja, kisha inaongeza ahadi ya huduma ya maisha kwa bastola zilizonunuliwa kuanzia tarehe 1 Februari 1989, na ahadi hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza. Ruger haitoi dhamana ya maandishi kabisa, na katika vitabu vyake vya maelekezo imekuwa ikieleza waziwazi kwamba sheria haiilazimishi. Mwenye haraka atazipanga hivyohivyo, Smith & Wesson juu na Ruger mkiani. Nitarudi kwa Ruger baadaye, maana upangaji huo unapotosha.

Ruger inasema kweli kuhusu sheria. Sheria ya dhamana inayoitwa Magnuson-Moss, ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini tarehe 4 Januari 1975, haimlazimishi mtengenezaji kutoa dhamana ya maandishi. Inasema tu kwamba akiitoa, aiite kwa jina lake: ama kamili, ama yenye mipaka. Kamili ina masharti magumu. Haiwezi kumbagua mnunuzi wa pili ndani ya muda wake, matengenezo hayana malipo, na kitu kikishindikana kutengenezeka baada ya majaribio ya kutosha, mteja achague kurudishiwa fedha au kupewa kingine. Ndiyo maana katika maduka ya silaha utatafuta sana dhamana kamili na usiione. Wanaandika "yenye mipaka", na mipaka yenyewe iko kwenye herufi ndogo: usitumie risasi ulizozijaza mwenyewe nyumbani, usibadilishe kifyatulio, usiwe mtu wa pili.

Haya yote yangekuwa mambo ya kawaida ya biashara, kama ya friji au pasi ya umeme. Friji ikiharibika maziwa yanachacha. Bunduki ikiwa na kasoro, anayeilipia kasoro hiyo anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kuigusa, hajaiona risiti, na alikuwa amekaa chumba cha pili. Na hapo ndipo Marekani ina pengo ambalo wageni wengi, na wenyeji pia, hawalijui.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, liliorodhesha vitu ambavyo tume hiyo haitavigusa. Mojawapo ni kila kitu kinachotozwa ushuru wa kifungu cha 4181 cha sheria ya kodi. Ukikifungua kifungu hicho unakuta bastola, bunduki na risasi. Kundi la wananchi wa Chicago lilipojaribu kupitia upande mwingine, kwa kuiomba tume ipige marufuku risasi za bastola, na mahakama ikaiambia tume iwasikilize, Bunge likaziba ufa huo mwaka 1976. Tangu hapo hali ni hiyo: tume inaweza kuilazimisha kampuni iviondoe madukani vitanda vya watoto, pikipiki za magurudumu manne, mashine za kukaushia nguo. Bunduki yenye kasoro haina chombo cha serikali kinachoweza kumwambia mtengenezaji, zirudishe.

Kuna mfano mmoja unaolionyesha pengo hili kuliko maelezo yoyote. Oktoba 2001 tume hiyo iliifungulia mashtaka kampuni ya Daisy kuhusu bunduki za upepo, zile zinazorusha vigololi, ambazo vijana hupewa kujifunzia shabaha. Zilikuwa takriban milioni 7.5. Tume ilidai kwamba kigololi kinaweza kunasa ndani ya magazini, mtu akaitikisa, akasikia kimya, akaamini haina kitu. Ilitaja vifo visivyopungua 15. Kampuni ilikanusha, na mwaka 2003 shauri likaisha kwa makubaliano kwamba igharimie kampeni ya usalama ya dola milioni 1.5. Tume iliweza kufanya hivyo kwa sababu bunduki ya upepo haitozwi ushuru ule. Shika idadi hiyo, milioni saba na nusu.

Maana kuna milioni saba na nusu nyingine, na hizo ni bunduki za risasi za kweli. Idadi hiyo ndiyo iliyotajwa katika kesi ya pamoja dhidi ya Remington, kuhusu Model 700 na ndugu zake. Model 700 iliingia sokoni mwaka 1962 na ikawa bunduki ya wawindaji wa swala kote Marekani. Kifyatulio chake kilibuniwa na mhandisi wa kampuni, Mike Walker, miaka ya 1940. Ndani yake kuna kipande kidogo ambacho hakikufungwa kwa pini wala skrubu. Kinashikiliwa na springi tu. Kila unapofyatua, kipande kile kinaachana na kifyatulio kwa upana wa unywele, kisha kinarudi mahali pake. Kikizuiwa na vumbi, kutu au mafuta yaliyoganda, hakirudi sawasawa, na kile chuma kinachoishikilia pini ya kufyatulia kinabaki hakina cha kuegemea. Kizuizi cha usalama pekee ndicho kinachobeba mzigo. Siku utakapokiondoa kizuizi, bunduki inalia, na kidole chako kiko mbali.

Walker mwenyewe, akiwa mzee, alisema hadharani kwamba mwaka 1948 alipendekeza marekebisho. Gharama yake ilikuwa senti tano na nusu kwa bunduki moja. Hayakufanyika. Karatasi ya ndani ya kampuni ya mwaka 1979, iliyotoka kupitia mahakama, inapiga hesabu kwamba kuziita bunduki zirudi kungemaanisha kukusanya milioni 2 ili kuzipata 20,000 zenye tatizo. Mimi nikisoma hesabu hiyo nawaza bunduki 20,000 zilizosimama nyuma ya milango ya vyumba vya kulala.

Tena hadi mwaka 1982 bolti ya bunduki hiyo, kile chuma unachokivuta nyuma kufungua chemba, ilijifunga kizuizi kikiwa kimewekwa. Kwa hiyo ili utoe risasi ndani, kwanza ilikubidi uondoe kizuizi. Mtu mwangalifu, anayefanya kile alichofundishwa, ndiye aliyelazimika kuigusa sehemu ile kila jioni. Mwaka 2000 familia moja ya Montana ilikuwa inarudi kutoka kuwinda. Mama akashika bunduki aitoe risasi, akasogeza kizuizi, ikalia. Risasi ilipenya gari la kubebea farasi na kumpata mwanawe wa miaka tisa upande wa pili. Mama yule alisema kidole chake hakikuwa kwenye kifyatulio. Baba wa mtoto alitumia miaka iliyofuata kukusanya nyaraka za kampuni moja baada ya nyingine.

Remington haikukubali kamwe kwamba kifyatulio kile kina kasoro. Ilisema bunduki ni salama na makosa ni ya watumiaji. Hata makubaliano ya kesi ya pamoja, yaliyoidhinishwa mwaka 2017 na jaji wa mahakama ya shirikisho huko Kansas City, hayakuwa na neno la kukiri. Yalimpa mmiliki haki ya kubadilishiwa kifyatulio bure. Mwisho wa 2015 jaji alikuwa amekataa kwanza kuendelea, kwa sababu watu waliokuwa wamejitokeza walikuwa elfu mbili na ushei, akaagiza watangaziwe upya. Wakaongezeka hadi kama 22,000. Kati ya bunduki milioni 7.5! Hata asilimia moja haifiki. Kuna waliosema hiyo inaonyesha wamiliki hawana wasiwasi. Mimi naona inaonyesha kitu tofauti: bunduki ilishapita mikono mitatu, minne; imerithiwa, imeuzwa, imetolewa zawadi ya harusi. Kampuni ilikuwa na anwani ya mtu wa kwanza, kama alijaza kadi, na mtu huyo ameshakufa.

Babu yangu mzaa mama, Sikonge, alikuwa na gobore lenye kibali ambalo alilirithi kwa baba yake. Fundi aliyelihudumia alikaa kijiji cha pili. Nakumbuka siku mjomba alipolipeleka, babu akiwa hoi kitandani: fundi aliligeuza, akapitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu, akasema, "Hili nalijua, mwachie hapa." Hakuuliza limenunuliwa na nani. Aliuliza linafanya nini baya. Bunduki ikitunzwa huishi kuliko mwenyewe, kila anayezitengeneza anajua hilo, na matangazo yao yamejaa picha za babu akimkabidhi mjukuu. Kampuni inayouza kwa picha hiyo, halafu ikaandika kwamba dhamana inakoma kwa babu, inanipa mashaka.

Na kampuni nayo hufa. Remington ilifilisika mwaka 2018, ikasimama, ikafilisika tena Julai 2020, miezi michache tu baada ya dirisha la kubadilishiwa vifyatulio kufungwa. Safari hii iligawanywa kama nyumba ya urithi. Risasi zilikwenda kwa mmoja, utengenezaji wa bunduki kwa mwingine, jina la Marlin, chapa nyingine ya bunduki iliyokuwa mali yake, likanunuliwa na Ruger. Waliochukua mali hawakuchukua ahadi. Kampuni mpya inayotengeneza Remington haibebi dhamana za bunduki zilizotengenezwa na ile ya zamani, na Ruger nayo haizihudumii Marlin zilizotengenezwa kabla haijalinunua jina hilo. Mtu ana bunduki yenye jina lilelile linalouzwa dukani leo, na hana pa kuipeleka isipokuwa kwa fundi wa mtaani kwake. Kwa hiyo ukisoma "maisha", jua mojawapo ya maisha yanayohesabiwa ni ya kampuni, na hilo halikuandikwa popote kwenye karatasi.

Mahakama zimewahi kuonyesha kwamba inawezekana kufanya vinginevyo. Mwaka 2013 askari mmoja wa Iowa alikuwa anamkimbiza mtuhumiwa, bastola yake ya Taurus ikachomoka kiunoni, ikaanguka chini, ikalia yenyewe. Risasi iliishia kwenye gari ambalo halikuwa na mtu. Kutokana na tukio hilo ikafunguliwa kesi ya pamoja huko Florida, ikahusu bastola karibu milioni moja za aina tisa, na makubaliano yakaidhinishwa mwaka 2016. Taurus nayo haikukiri kosa. Lakini dhamana iliyotokana na makubaliano yale iliandikwa kwa namna ninayoitaka: inahama na bastola. Anayeimiliki leo ndiye mwenye haki.

Nisiwe mkali bila haki. Watengenezaji wana hoja, na nimeisikia kutoka kwa mafundi ninaowaheshimu. Bastola iliyotumika ni kama gari lililotumika. Hujui aliyekuwa nayo aliifanya nini. Kuna watu wanaosugua vifyatulio kwa msasa mezani jikoni baada ya kutazama video mbili. Kuna wanaojaza risasi wenyewe, wakazidisha baruti, mtutu ukapasuka, kisha wakapiga simu kiwandani. Kampuni ikikubali kila kinacholetwa, itawalipia wazembe wa nchi nzima, na bei itapanda kwa sote. Nakubali. Ila dawa ya hilo ni kukagua, wala haihitaji kuuliza jina la mnunuzi. Fundi wa kiwandani akiifungua bunduki, alama za msasa anaziona kwa jicho, na chuma kilichopasuka kwa baruti iliyozidi kinapasuka kwa namna inayojulikana. Wanaweza kutenganisha. Springi iliyochoka baada ya risasi elfu kumi ni juu yangu, kama tairi la gari. Kasoro ya ubunifu au ya uundaji ni juu yao hata bunduki ikiwa na miaka arobaini, maana kasoro hiyo ilizaliwa nayo.

Hoja nyingine ndiyo inayonitia hasira, nayo ni ya majina. Agosti 2017, baada ya wajaribu wa silaha kuonyesha kwamba bastola ya SIG Sauer P320 ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kulia, kampuni ilitangaza mpango wa kubadilisha sehemu za ndani bila malipo. Bastola hiyo ilikuwa imeshinda zabuni ya Jeshi la Marekani mwezi Januari mwaka huohuo. Ripoti ya Pentagon iliyotoka Januari 2018 ilieleza kwamba jeshi nalo liliiona shida ya kudondoka katika majaribio yake, na ikarekebishwa kwenye bastola za askari. Mpango kwa raia, hata hivyo, haukuitwa kuziita bastola zirudi. Uliitwa maboresho ya hiari.

Fikiria mtu wa Houston aliyeinunua mwaka 2015, anafanya kazi zamu mbili, anasikia kwa juujuu kwamba kuna "maboresho ya hiari". Hiari! Ataona ni kama kubadilisha rangi. Angeambiwa "bastola yako ikianguka inaweza kumuua mtu, ilete", angeomba ruhusa kazini siku ileile. Malalamiko kuhusu P320 yameendelea, safari hii wadai wakisema inalia ikiwa kwenye ala bila kuguswa. Kampuni inakanusha vikali na imeshinda baadhi ya kesi. Nyingine imeshindwa: mwaka 2024 juri ya Georgia ilimpa mdai dola milioni 2.35, na ya Philadelphia ikampa mwingine dola milioni 11. Mwaka 2025 jimbo la New Hampshire, ambako kampuni ina makao yake, lilipitisha sheria inayowakinga watengenezaji dhidi ya madai yanayotokana na bastola kutokuwa na vizuizi fulani vya usalama. Nani mkweli juu ya bastola kulia kwenye ala, wahandisi na mahakama watafika huko. Kuhusu jina la mpango wa 2017 sihitaji mhandisi. Lilichaguliwa kwa ajili ya mawakili, wakati aliyepaswa kulielewa ni mwenye bastola.

Sasa, mwenye silaha ategemee nini? Kwanza kabisa kuambiwa. Hilo linatangulia miaka ya dhamana, linatangulia hata matengenezo ya bure. Kampuni ikijua jambo, nami nilijue, kwa maneno ambayo mke wangu akiyasoma ataelewa aiondoe bunduki chumbani. Ukinunua mpya, jaza kadi ya usajili, kwa sababu barua ya hatari inafuata anwani. Ukinunua iliyotumika, usingoje. Ingia tovuti ya mtengenezaji, iandike namba ya silaha pale panapoulizwa, uone kama imeitwa irudi. Mimi nilifanya hivyo na bunduki mbili ambazo nilikuwa nazo miaka sita, na moja ilikuwemo.

Kisha gharama ya safari. Sheria ya Marekani inaruhusu mmiliki kuituma silaha yake moja kwa moja kiwandani kutengenezwa, na kiwanda kuirudisha moja kwa moja kwake, bila kupitia dukani. Lakini kampuni kubwa za vifurushi zimebana sana upokeaji wa silaha kutoka kwa mtu binafsi, na kutuma bastola kwa njia za haraka si bei ya kuchezea. Mtengenezaji mwaminifu anakutumia lebo iliyolipiwa. Anayekwambia "tutatengeneza bure, lakini usafiri ni wako" amekuachia sehemu ya deni lake.

Wenzetu wa Ulaya wana mahali pa kuanzia palipo juu zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mlaji miaka miwili ya haki dhidi ya muuzaji hata kama karatasi ya dhamana haipo, na nchi nyingi zenye viwanda vya silaha zina nyumba za majaribio zinazoijaribu kila bunduki kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi kabla haijauzwa, kisha zikaigonga muhuri. Birmingham wanafanya hivyo tangu 1813. Marekani viwanda vinajijaribia vyenyewe, kwa viwango vya chama chao wenyewe kilichoundwa mwaka 1926, na viwango hivyo ni vya hiari.

Kwa hiyo Mmarekani, na sisi tunaoishi kwake, tunabaki na karatasi na mahakama. Watu wengi wanaamini hata mahakama imefungwa, kwa sababu ya ile sheria ambayo Rais George W. Bush aliitia saini Oktoba 2005 kuwakinga watengenezaji wa silaha. Haijafungwa yote. Sheria hiyo iliacha milango michache, na miwili kati yake ni kasoro ya bidhaa yenyewe na kuvunjwa kwa mkataba au dhamana. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu waisome karatasi ya chini ya boksi kabla ya kulipa, waihifadhi, na kama muuzaji aliahidi jambo kwa mdomo waliombe kwa maandishi.

Nilisema nitarudi kwa Ruger. Kuanzia mwaka 1953 kampuni hiyo iliuza bastola za silinda za mtindo wa wachunga ng'ombe, ambazo nyundo yake hukaa imegusana na risasi. Zikidondoka na nyundo ikagonga chini, zinaweza kulia. Wazee walijua: unajaza tano, tundu la sita chini ya nyundo unaliacha tupu. Wasiojua waliumia, na kesi zikafunguliwa. Mojawapo ilifika Mahakama Kuu ya Alaska, ikaamuliwa mwaka 1979. Kwa hiyo sisemi walisukumwa na huruma peke yake. Mwaka 1973 walileta muundo mpya wenye kipande kinachopanda na kupeleka pigo la nyundo kwenye pini ya kufyatulia pale tu kifyatulio kinapovutwa; bila hicho nyundo haiifikii. Na tangu 1982 wanazirekebisha zile za zamani bila malipo. Kampuni isiyo na dhamana ya maandishi, kwa bastola zilizouzwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na haijali wewe ni mmiliki wa ngapi.

Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alipeleka ya marehemu kaka yake, iliyotengenezwa miaka ya 1950. Alinionyesha iliporudi. Aliivuta nyundo nyuma taratibu, mtutu ukiangalia sakafu, nikakiona kipande kipya kikipanda nyuma ya silinda. Ndani ya boksi palikuwa na kimfuko cha plastiki chenye vyuma vya zamani vyote vilivyotolewa, kwa kuwa wakusanyaji wa silaha huvithamini. Vilikuwa vimelika pembeni na vina rangi ya moshi. Akakiweka kimfuko kwenye droo, pamoja na saa ya kaka yake.